Jumapili ya Thelathini ya Mwaka B: Kipofu Aliyeulizwa

Ndugu wasikilizaji wapendwa, Injili ya leo, ya Marko sura ya 10, inatufikisha kando ya njia itokayo Yeriko. Bartimayo ameketi pale akiomba. Anapaza sauti, nao umati unamkemea anyamaze. Yesu anasimama, anaagiza aitwe, kisha anamwuliza jambo ambalo wengi wangeliona la bure: anataka afanyiwe nini. Kipofu atataka nini kama si kuona? Hata hivyo Bwana hakumsemea. Huenda angetaka sadaka, kwani ndiyo aliyokuwa akiiomba siku zote. Aliachiwa aseme kwa kinywa chake.

Swali hilo napenda tulilete kwetu Masasi na Newala, maana sisi tumeletewa majibu mengi kabla ya kuulizwa.

Mnaijua taabu ya maji ya Uwanda wa Makonde. Kule juu mchanga hunywa mvua yote, na vizazi vya akina mama vimeshuka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Katika miaka ya 1950 maji yalianza kupandishwa kwa mashine, na tangu miaka ya 1970 nchi ya Finland ilisaidia miradi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Yalikuwa mema, tusiyasahau. Lakini pampu ilipoharibika, tulisema pampu ya mradi imekufa, na akina mama wakashika ndoo wakarudi bondeni.

Mwalimu Nyerere alikwisha kufundisha mwaka 1968 kwamba mtu haendelezwi na mwingine. Hujiendeleza kwa kuamua na kutenda mwenyewe. Naye huyo huyo, Novemba 1973, alitangaza kuwa kuishi katika vijiji ni amri. Watu wetu wakahamishwa, na wengi wakaiacha mikorosho yao mbali porini. Sisemi haya ili kumhukumu. Ikiwa somo lilimponyoka mwalimu wake, sembuse mimi na wewe.

Katika miaka ya 1990 mpango wa RIPS, nao kwa msaada wa Finland, ulijaribu njia nyingine huku kwetu: wanakijiji wachore wenyewe ramani ya kijiji chao, na mtaalamu aketi asikilize. Tangu hapo kila mradi husema wananchi wameshirikishwa. Lakini hebu tulisikilize neno lenyewe. Anayeshiriki ametenda, anayeshirikishwa ametendewa. Na wale tunaotaka kuwasaidia tunawaita walengwa. Mwindaji hulenga paa, wala hamwulizi paa neno.

Niruhusuni niungame kosa langu. Nilipokuwa kijana katika upadre nilipata msaada wa kuchimba kisima katika kigango kimoja. Baada ya Misa niliitisha mkutano, nikaeleza: kisima kitakuwa hapa karibu na kanisa, na kila nyumba itoe mtu wa kuchimba na kubeba mawe. Nikauliza kama wamekubali. Wakapiga makofi. Katika taarifa nikaandika kwamba waamini wameshirikishwa kikamilifu. Masika ya kwanza maji ya mvua yakatuama pale, kisima kikajaa tope. Bibi mmoja alipita na ndoo yake, nikamwambia kwa huzuni kwamba tumepata hasara.

"Pale maji hutuama kila mwaka, Baba," akasema, "tangu nilipokuwa mwari."

"Mbona hukusema siku ya mkutano, Bibi?"

"Siku ile hamkuuliza, Baba. Mlitueleza."

Makatekista wapendwa, ninyi mnaitisha mikutano mingi kuliko mimi. Kwetu kunyamaza mbele ya mkubwa ni adabu. Msiandike kuwa ni kukubali. Umati wa Yeriko ulihitaji kumkemea maskini ili anyamaze. Sisi hatuna haja ya kukemea. Viti vya mbele vinatosha. Tena hata tukiuliza, watu ni werevu: mgeni wa visima huombwa kisima, na mgeni wa zahanati huombwa zahanati. Inataka kukaa nao siku nyingi hata waseme lile ambalo mgeni hakulileta.

Lupaso inajulikana nchini kwa ajili ya mwanawe mmoja, Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin William Mkapa, aliyezaliwa mwaka 1938 na kuzikwa huko Julai 2020. Siku ile ya mazishi nchi nzima iliitazama Lupaso. Lakini kabla yake na baada yake wanaishi pale watu ambao katika makaratasi yetu ni idadi ya kaya tu, nao ndio wajuao maji hutuama wapi.

Mwaka uliofuata hatukukutana kanisani. Tuliketi chini ya mwembe, akina mama wakasema kwanza, nami nikakaa pembeni. Bibi yule alionyesha mahali penyewe, mwendo wa robo saa kutoka kanisani. Sikupapenda, maana padre hupenda kuwaonyesha wageni kisima chake. Tukachimba pale.