Mwani Wataka Boti

Leo tuko Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Ni bamvua, maji yamekupwa, na kina mama wameshaingia baharini na kamba mabegani. Wanapigilia vigingi mchangani, wanatandika kamba, kisha wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwa taitai, vijikamba vyembamba. Wiki sita hivi baadaye watavuna, waanike, wauze.

Kilimo hiki kilishika Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi mno ni wanawake. Mwani wenye bei ni kotoni. Utomvu wake hutumika kutia uzito vyakula na dawa za meno. Ila kotoni hauvumilii joto. Maji ya kina kifupi yakipata moto, matawi hugeuka meupe, huoza na kukatika. Wengi basi wamebaki na spinosam, mwani mgumu kidogo, ambao bei yake ni ya kutupa.

Dawa inajulikana: shamba lihamie kwenye maji ya kina, yaliyopoa. Huko hakuendeki kwa miguu. Kwataka boti, nanga, maboya, na mtu ajuaye kuogelea. Na vyombo vya baharini, tusifichane, vingi ni vya wanaume.

Hapo ndipo fedha za tabianchi, zinazotolewa kuzisaidia nchi maskini kukabili mabadiliko ya tabianchi, zingefaa. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi kule Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kuzifikishia nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za shirika la OECD, ahadi hiyo ilitimia 2022, na sehemu kubwa ya fedha za serikali ni mikopo. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi hudai kila mradi uje na mpango wa jinsia. Kwenye karatasi, mama yumo. Akifika dirishani benki anaulizwa dhamana. Shamba lake li baharini, halina hati. Nyumba, mara nyingi, ina jina la mume.

Mimi naona boti yenyewe ingekuwa dhamana. Kikopeshwe kikundi, maana kina mama hawa kuweka na kukopa wamezoea, na marejesho yafuate mavuno, si mwisho wa mwezi. Kisha bajeti iwe na mwalimu wa kuogelea, mwanamke. Hatagharimu hata nusu ya semina moja ya hotelini.