UGANDA: MIZIGO YAPITA MIKONONI MWETU

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Sisi watu wa Reli twaijua Uganda kwa mizigo yake. Nchi ile haina bahari. Kahawa yake hushuka Mombasa; mafuta, chuma na mbolea hupanda kwenda huko. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931.

Uganda ilipopata Uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 haikuwa nchi ya kuhurumiwa. Ilikuwa na kahawa, pamba, umeme wa Owen Falls pale Jinja tangu 1954, na shaba ya Kilembe iliyofuatwa na reli mpaka Kasese mwaka 1956. Kilichoiharibu si ardhi, ni siasa. Mwaka 1966 Bwana Obote alimwondoa Kabaka katika urais, kisha akapeleka askari jumbani mwake. Mwaka 1971 Amin akaitwaa serikali kwa bunduki. Mwaka 1972 aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na wengi walishangilia. Lakini duka akipewa askari asiyejua daftari, sukari itatoka wapi? Viwanda vikafa kimoja kimoja, na shaba nayo ikaja kusimama.

Habari ya 1972 kila mtu anaijua. Ya 1970 wanaijua wachache. Mwaka huo, kabla ya Amin, serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya vibarua wa kigeni, na wengi wao walikuwa watu wetu wa Kenya. Hao hawakuwa na duka wala gari. Walikuwa na mikono tu. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na Reli moja ikakatwa vipande vitatu.

Bwana Museveni alishika serikali mwaka 1986. Twakubali kwamba sehemu nyingi zilipata utulivu na biashara ikafufuka. Lakini mwaka 2005 kikomo cha vipindi vya Rais kiliondolewa, na mwaka 2017 kikomo cha umri. Sheria ya wakubwa hubadilishwa upesi. Tazameni sasa ya mfanya kazi: mshahara wa chini uliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, ukaachwa pale pale miaka na miaka. Fedha hiyo leo haifiki mia tatu za kwetu. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada mpya. Rais akakataa kuutia sahihi.

Mafuta yaligunduliwa karibu na Ziwa Albert mwaka 2006. Bomba lake, kilomita 1,443, limeelekezwa Tanga, si kwetu. Hatuwezi kulaumu sana. Januari 2008 watu waling'oa reli pale Kibera, na Uganda ikakosa petroli kwa ugomvi wa kura zetu.

Mwaka 2024 Uganda ilitia sahihi mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Malaba mpaka Kampala. Twaomba Kamati iwaandikie wenzetu wa Reli wa huko, iwaulize vibarua watalipwa nini, na kama wataruhusiwa chama, kabla reli hiyo haijakutana na yetu mpakani.