Mfuko wa Simenti Uache Dukani

Msikilizaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na ni kweli tupu, ila waliotuachia walikuwa wameshika chokaa, sisi tumeshika simenti. Pita leo vichochoro vya Kiponda, Hurumzi au Malindi, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, utaziona kuta za mawe ambazo wenyewe wamezihangaikia wakaziba kila ufa, na ndizo zinazomeng'enyuka upesi kuliko ukuta wa jirani ambaye hajagusa kitu. Aliyekaa bila kufanya lolote kampita aliyejituma. Mimi nasema mwenye nyumba kongwe afanye kazi kwa mikono yake, tena afanye nyingi kuliko anavyofanya sasa, lakini mfuko wa simenti auache dukani.

Tuangalie nyumba yenyewe imejengwa kwa nini. Nyumba za mawe za hapa kwetu, za Lamu, za Mji wa Kale wa Mombasa, na zile zilizobaki Bagamoyo na Pangani, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, udongo na mchanga. Unene wa ukuta ni nusu mita au zaidi. Juu yake zimelazwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri ni ya kama mita tatu hivi, vyumba navyo vikawa vyembamba na virefu, mfano wa behewa la treni. Ndani ya ukuta huo hamna nondo wala simenti. Simenti ilikuja baadaye, kwanza kwa meli, kisha ikawa bidhaa ya kila duka viwanda vya Bamburi kule Mombasa na Wazo Hill kule Dar es Salaam vilipoanza kazi, mwaka 1954 na mwaka 1966. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa zimeshasimama tangu karne ya 19.

Sasa kwa nini simenti isikubaliane na ukuta huu, na wote tunajua kwamba simenti ni ngumu na inashika? Kwa sababu hiyohiyo: ni ngumu na inashika. Jiwe la matumbawe lina vitundu tele. Linanyonya maji kutoka ardhini, linanyonya mvua ya kusi inayopiga ubavuni, linanyonya hata unyevu wa hewa ya bahari. Chokaa nayo ina vitundu, kwa hiyo maji yaliyoingia hupata pa kutokea, ukuta ukakauka jua likiwaka. Ukipiga lipu ya simenti umeufunga mlango huo. Maji yanabaki ndani, yanapanda, na yamebeba chumvi. Chumvi ikifika nyuma ya lipu inaganda, inatanuka, inaisukuma nje. Siku lipu inapobanduka, haibanduki peke yake, inaondoka na uso wa jiwe. Na kule juu, ncha ya boriti iliyozikwa ndani ya ukuta mbichi inaoza kimyakimya. Mwenye nyumba anaona lipu imeanguka, anasema simenti ilikuwa kidogo, anaongeza.

Ukitaka kujua lipu yako ni ya nini, ikwangue kwa sarafu. Ya chokaa inatoa unga mweupe, ya simenti inakwaruza sarafu. Kisha gonga ukuta kwa vifundo vya vidole. Panapolia kama dafu tupu, lipu imeshaachana na jiwe.

Lakini kabla ya kugusa ukuta, panda juu. Hapa ndipo ninapogombana na wengi, kwa sababu sote tunapenda kutengeneza kile kinachoonekana na wageni. Sebule inapakwa rangi kabla ya Idi, na paa halijakaguliwa tangu bati liwekwe. Ugonjwa wa ukuta wa mawe, mara nyingi sana, ni maji, na maji yanatoka mahali. Tafuta bati lililoliwa na kutu pale lilipopigwa msumari. Tafuta mchirizi wa paa uliojaa majani, manyoya ya kunguru na mpira wa watoto. Fuata bomba la choo cha ghorofani ulitazame linapopita, maana vyoo hivyo vingi viliongezwa baadaye, na bomba likivuja ndani ya ukuta halitoi sauti. Tazama kiyoyozi: kale kamrija kanakodondosha maji kutwa kucha kanamwagia wapi? Mara nyingi kanamwagia ukuta wa jirani, na jirani ameona haya kusema.

Halafu kuna tangi. Lita 1,000 za maji ni tani moja, uzito wa gari dogo, na tunaliweka juu ya boriti zilizolazwa wakati ambapo ghorofani walikaa watu, vitanda na makasha. Sisemi watu wasiweke maji, na mfereji tunazijua tabia zake. Liweke tangi chini, juu ya msingi wake, maji uyapandishe kwa pampu kwenye tangi dogo. Na hilo dogo nalo likae juu ya ukuta mnene, lisikae katikati ya chumba.

Zamani paa zenyewe zilikuwa sakafu bapa za chokaa na kokoto. Watu walipanda juu na vijiti vya mbao, wakaipiga ile sakafu siku baada ya siku mpaka ikashikana, huku wakiimba. Kazi ilikuwa nusu ngoma. Siku hizi tunamwita fundi, tunampa picha kwenye simu, na tunamuuliza ataondoka saa ngapi.

Haya, maji umeyazuia. Sasa ufa. Usiuzibe kwanza, uulize kama bado unatembea. Chukua kipande chembamba cha kioo, kibandike kwa lipu kidogo kukatiza ufa, upande huu na upande huu, andika tarehe kwa penseli, kisha endelea na shughuli zako mpaka masika na vuli vipite. Kioo kikiwa kizima, ufa huo ni wa kale na umeshatulia, unaweza kuujaza mwenyewe. Kikipasuka, ukuta unakwenda, na hapo hakizibwi kitu mpaka ijulikane unakwenda wapi na kwa nini.

Kazi ya chokaa haina siri, ina subira tu. Ukipata chokaa iliyorowekwa shimoni ikakaa miezi, umebahatika. Ukikosa, chokaa ya mfuko iroweke ndani ya pipa, ifunikwe na maji, siku kadhaa, ilainike kama siagi. Ila uhakikishe ni chokaa iliyokwisha kuzimwa. Ile mbichi iliyotoka tanuuni, ukiikutanisha na maji inachemka na kurusha, na jicho likiingiwa ni balaa. Hiyo waachie wanaoijua. Hata ile iliyozimwa inakula ngozi, kwa hiyo vaa glavu na miwani, na watoto wakae mbali. Mchanga uwe wa shimoni au wa mto, uliooshwa, usiwe wa pwani ulioutia kwenye ndoo ukirudi kuogelea, kwa sababu utakuwa unaipaka nyumba chumvi kwa mkono wako. Fungu moja la chokaa, mafungu matatu ya mchanga. Lipu ya zamani iliyoachia ing'oe, jiwe lipige brashi, kisha lirowanishe vizuri, maana jiwe kavu litainywa lipu yako kabla haijashika. Paka tabaka jembamba, sentimita moja au pungufu, liache siku kadhaa, ndipo upake jingine. Jua likiwa kali tundika magunia mabichi mbele yake. Chokaa hurudi kuwa jiwe kwa kuvuta hewa polepole. Haikauki kwa kuharakishwa, inapasuka.

Juu ya hapo ni chokaa nyepesi kama maziwa, kwa brashi pana, mikono mitatu au minne. Ikiwa mbichi huioni, utadhani umeibiwa, na ikikauka inang'aa. Kazi hii ya kupaka chokaa kila mwaka, pamoja na kuzibua michirizi kabla ya mvua, ndiyo iliyozifikisha nyumba hizi kwetu, na haihitaji fundi hata mmoja. Tumeiacha kwa sababu tulipata rangi ya plastiki iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inadumu miaka kumi. Inadumu kweli. Kinachodumu nyuma yake ni unyevu.

Yako mambo ambayo nakuomba usiyaguse. Boriti unaweza kuikagua mwenyewe: ichome kwa bisibisi pale inapoingia ukutani, bisibisi ikizama kama kwenye papai, ita watu. Kuibadilisha maana yake ni kusimamisha mihimili na kuubeba uzito wa ghorofa nzima, na kosa lake halirekebishiki. Umeme vilevile. Ukuta pia usiutoboe ovyo ili upanue sebule, kwa kuwa katika nyumba za namna hii karibu kila ukuta umebeba kitu. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya matengenezo, na watu wawili wakafariki. Mafundi walikuwapo, jukwaa lilikuwapo. Wewe una ngazi na mpwa wako.

Na ruhusa ipo, tusiifanye ni adui. Mji Mkongwe una Mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985, kabla hata ya UNESCO kuuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Najua malalamiko ya foleni na karatasi, na mengine ni ya haki. Nenda hata hivyo, kwa sababu mkaguzi atakayekuja anaweza kukuonyesha bure kitu ambacho wewe umepita chini yake kila siku. Wapangaji wa nyumba za Serikali na za wakfu mna shida ya ziada: anayekaa si mwenye mali, na mwenye mali hakai. Hapo andikeni barua, wekeni nakala, na wakati mnasubiri jibu zibueni michirizi, hiyo haihitaji saini ya mtu.

Utakapofika pa kumwita fundi, usianze na bei. Muulize kwanza atatumia nini. Akisema chokaa, muulize ataroweka siku ngapi, na umsikilize. Akikucheka akakwambia, "Bwana, chokaa ya kizamani hiyo, tutie simenti ishike," mpe maji ya kunywa, mlipe nauli yake, umtafute mwingine.