MUHOGO WA NJAA USITULEMAZE

(Maneno tuliyosema katika mkutano wa wanachama. Tumeyabandika hapa kwa ajili ya waliokosa kuja. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.)

Ndugu wanachama,

Vuli imetupita pembeni. Mahindi yamenyauka yakiwa magotini. Kilichosimama shambani ni muhogo, nao ni ule mchungu. Tunaushukuru, umetuokoa tangu enzi za wazee wetu. Lakini tuseme wazi: muhogo mchungu humwokoa aliyeuandaa, na humwumiza aliyeufanyia haraka.

Tukumbushane. Mwaka 1985, humu humu mkoani Mara, wilaya ya Tarime, ukame ulibana. Watu waliishiwa wakala muhogo ambao haujaandaliwa sawasawa. Ukazuka ugonjwa wa konzo, ukawashika hasa watoto na akina mama. Mtu analala mzima, akiamka miguu yote miwili imekakamaa. Na hauna dawa. Ulemavu ule ni wa maisha.

Sababu ni hii. Muhogo mchungu una sumu, na ukame huizidisha. Sumu hutoka kwa kuvundika na kuanika. Njaa ikibana, siku za kuvundika tunazikata, na mboga nazo hazipo.

Basi tufanye hivi:

1. Tuanze kung'oa sasa, kidogo kidogo, tukaushe makopa ya akiba. Tusingoje chungu kiwe kitupu.

2. Tuvundike siku zile zile walizotufundisha mama zetu, bila kupunguza hata moja. Kisha tuanike mpaka yakauke kabisa.

3. Unga nao tuutibu kabla ya kupika. Changanya na maji kidogo uwe na unyevu, utandaze kwenye ungo au mkeka safi, unene usizidi sentimita 1. Uache kivulini muda wa saa 5, au juani muda wa saa 2. Halafu songa ugali siku hiyo hiyo. Kazi hii haitaki maji mengi.

4. Ugali wa muhogo usiliwe mtupu. Dagaa, kunde au maharage, hata kiganja kimoja, husaidia mwili kuishinda sumu.

5. Anayetapika au kushikwa na kizunguzungu baada ya kula, au anayeona miguu mizito, apelekwe zahanati mara moja. Asifichwe ndani.

Mkutanoni mama mmoja alisimama akatuuliza: "Mtoto analia leo, nitamwambia angoje muhogo uvunde?" Wote tulinyamaza. Ndugu, swali lile halijibiwi kwa maneno, linajibiwa kwa ghala. Kwa hiyo tumekubaliana kila nyumba yenye muhogo ilete debe 1 la makopa makavu kabla ya mwisho wa mwezi. Hiyo ni akiba ya nyumba zitakazoishiwa. Kamati itapima na kuandika daftarini mbele ya mwenye mali.

Na atakayekuja kuchukua asichekwe. Tukimcheka, kesho hatakuja. Atang'oa muhogo usiku na kuupika asubuhi. Hapo mguu wa mtoto utakuwa umelemazwa na sisi, si na ukame.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu,
Kamati ya Ghala