Elimu ya Binadamu na Sisi Wakimbizi

Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi mbele ya wajumbe wa Kamati, wakazi na wafanyakazi wa mashirika, Busanza, Kigali, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani



 Nawashukuru ninyi mliotoka kambini alfajiri mkaja hadi hapa Busanza, ili sisi tunaoishi mjini tusiiadhimishe siku ya 20 Juni peke yetu. Mwenyekiti aliniomba niseme juu ya faida ya elimu. Juu ya hilo wengi wamekwisha kusema vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo naomba niseme juu ya somo moja tu nililolisoma katika chuo cha ualimu, somo ambalo mwanzoni nililidharau. Linaitwa anthropolojia, yaani elimu ya kumchunguza binadamu, desturi zake, ukoo wake, kazi zake na jinsi anavyoishi na wenzake.

Nililidharau kwa sababu nilikwenda chuoni ili nijue kufundisha hesabu na kusoma. Nilipoliona somo hilo kwenye ratiba ya mwaka wa kwanza nilijiambia: sisi tumechunguzwa tangu siku tulipovuka mpaka. Tumehesabiwa, tumepigwa picha, tumewekwa alama za vidole. Mimi nilivuka mwaka 1996 nikiwa na umri wa miaka sita, na kitu cha kwanza ninachokumbuka katika nchi hii ni mtu mwenye karatasi akimwuliza mama yangu maswali. Kuna nini tena cha kujifunza katika kuchunguzwa?

Siku ya kwanza mwalimu wetu alitueleza habari za Bronisław Malinowski, mzaliwa wa Kraków, Poland. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, alikuwa Australia, na kwa karatasi zake alihesabiwa kuwa raia wa dola adui. Akaruhusiwa kufanya utafiti, akakaa kwa muda mrefu katika visiwa vya Trobriand, akajifunza lugha ya wenyeji, akawatazama wakilima, wakivua na wakigombana. Kitabu chake kilitoka mwaka 1922, na tangu hapo wanafunzi wa elimu hii hufundishwa kwamba ukitaka kumjua mtu, kaa naye, jifunze lugha yake, usiulize tu na kuondoka. Nilipolisikia hilo niliinua kichwa. Mtu huyu aliyesifiwa kwa kuwachunguza wengine, naye alikuwa mbali na kwao wakati wa vita, akiwa na karatasi zenye mashaka.

Lakini mwalimu hakutuficha ubaya. Hapa Rwanda hakuna haja ya kwenda mbali kuutafuta. Mwaka 1863 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari zake, na ndani yake akaeneza nadharia kwamba watawala wa nchi hizi za Maziwa Makuu walitoka kwa jamii ngeni ya kaskazini. Ilikuwa dhana yake tu, wala hakuwa na ushahidi. Wengine waliomfuata wakaipokea kama elimu. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ukawaandikisha watu na kuwapa vitambulisho vyenye neno moja: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, karatasi hiyo ilitazamwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno hilo moja likaamua nani apite na nani auawe. Sisemi kwamba kitabu ndicho kilichoua. Watu ndio walioua. Lakini jambo lililoandikwa kwa uzembe juu ya binadamu linaweza kukaa miaka mingi likingojea mtu wa kulitumia vibaya.

Kwa sababu hiyo wako Waafrika waliobishana na elimu hii kutoka ndani. Okot p'Bitek wa Uganda alikwenda kuisoma Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1960, na akalalamika waziwazi aliposikia mwalimu akiwaita watu wetu washenzi. Kabla yake Jomo Kenyatta alisoma London kwa Malinowski huyo huyo, na mwaka 1938 akatoa kitabu juu ya Wakikuyu, yaani watu wake mwenyewe. Malinowski ndiye aliyeandika dibaji yake. Hapo nilielewa jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: kumbe yule anayeulizwa naye anaweza kuwa mwulizaji.

Sasa niseme juu ya zoezi lililonifundisha zaidi.

Mwishoni mwa muhula tulipewa kazi ya likizo. Kila mwanafunzi achague mtu mmoja na kitu kimoja cha nyumbani, akae na mtu huyo, aulize habari za kitu hicho, aandike. Nilirudi kambini kwa wazazi wangu. Nikaenda kwa bibi mmoja jirani yetu, mwenyeji wa Masisi, ambaye nilikuwa nikimwamkia tangu utotoni. Nilichukua daftari na kalamu, nikakaa kwenye kigoda. Kabla sijauliza lolote, bibi alikaa wima, akaanza: “Tuko watu saba. Tulikimbia mwaka 1996. Mume wangu aliuawa. Mtoto wa pili ni mgonjwa.” Akaendelea hivyo hivyo, kila jambo mahali pake, mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: “Mwanangu, hayo yanatosha kwa nchi ya tatu?”

Ndugu zangu, niliona haya. Aliyoyasema yalikuwa kweli tupu. Lakini aliyasema kwa mpangilio wa fomu. Alikuwa ameulizwa mara nyingi mno, na kila mara kwa maswali yale yale, hata maisha yake yalikuwa yameanza siku ya kukimbia na kuishia kwenye idadi ya watu wa nyumbani. Nilimwambia ukweli: “Bibi, sina nchi ya tatu, hii ni kazi ya shule. Nataka kujua habari za kibuyu cha kutikisia maziwa.” Alinitazama, akacheka. Akasema: “Kumbe ni wewe unayetaka kujua?”

Akaanza upya. Alinieleza jinsi kibuyu kinavyochaguliwa kingali shambani, kinavyotolewa mbegu, kinavyokaushwa na kufukizwa moshi. Alinieleza namna mama yake alivyokuwa akijua kwa mlio tu kwamba siagi imeshikana. Alipata hasira alipomkumbuka wifi yake aliyevunja kibuyu kizuri akasingizia mbuzi. Jua lilizama tukiwa bado tunazungumza. Siku hiyo nilimwona mtu aliyekuwa fundi, aliyekuwa binti wa mtu, aliyekuwa na maoni makali juu ya wifi zake. Nilikuwa nimeishi karibu naye miaka mingi nikimjua kama mjane wa nyumba ya tatu.

Nikaandika kila kitu na kupeleka chuoni kwa majivuno. Nilikuwa nimeandika jina lake, jina la kijiji chake, na hata aliyoyasema juu ya watu waliomwua mumewe. Mwalimu alisoma, akaniuliza: “Ulimwomba ruhusa ya kuandika haya?” Sikuwa nimeomba. Akanirudishia daftari bila alama, akasema nirudi nikamsomee bibi maneno yake yote. Nilirudi, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Habari za kibuyu ziache zote. Jina la kijiji futa. Bado nina ndugu huko.” Ndipo nilipoelewa kanuni ya kwanza ya elimu hii, ya kutomdhuru anayekupa habari zake. Kwangu ilikuwa mstari wa kukariri kwa ajili ya mtihani. Kwa bibi ilikuwa uhai wa ndugu zake.

Liko jambo jingine nililolisoma ambalo linatuhusu sisi hapa leo, wa kambini na wa mjini. Mwaka 1985 na 1986 mtafiti Liisa Malkki alikaa magharibi mwa Tanzania na wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Wengine walikuwa katika makazi ya Mishamo, wengine katika mji wa Kigoma. Kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Wa Mishamo walikuwa wakiisimulia historia yao mara kwa mara kama somo, wakajiona kuwa taifa moja lililo ugenini likingojea kurudi. Wa Kigoma walichanganyika na wenyeji kwa biashara na kwa ndoa, na wengi hawakupenda hata kuitwa wakimbizi. Walikuwa watu waliotoka nchi moja, kwa msiba mmoja. Miaka mingi baadaye, mwaka 2014, zaidi ya watu 160,000 kati ya Warundi hao wa 1972 na watoto wao walikuwa wamekubaliwa kuwa raia wa Tanzania.

Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka watoto wawili. Mmoja ni mwanafunzi niliyemfundisha kambini. Alizaliwa humo humo, lakini ukimwuliza kwao ni wapi, alitaja kijiji cha Masisi na kukuchorea mpaka mto wake, mto ambao hajawahi kuuona. Wa pili ni mwanangu mwenyewe. Alipoulizwa hapa shuleni kwao ni wapi, alijibu bila kusita: “Kanombe.” Nilitaka kumkaripia, nikanyamaza. Yule wa kambini hakudanganya, na huyu wangu hakudanganya. Kila mmoja alisema alichopewa. Kazi yetu sisi wakubwa ni kumwongezea kila mmoja kile alichokosa: wa kambini ajue kwamba anaweza kuwa na maisha hapa alipo bila kuwasaliti wazee wake, na wa mjini ajue kwamba ana wazee.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza, kwa ndugu zetu wa mashirika. Twajua fomu ni lazima, na bila fomu hakuna msaada. Lakini mkipata nafasi, baada ya kufunga faili, ulizeni swali moja lisilo na kisanduku cha kujaza. Ulizeni mtu alikuwa fundi wa nini. Mkimaliza uchunguzi wenu, rudini mtusomee mlichoandika, kama mimi nilivyorudishwa kwa bibi.

La pili, kwa Kamati. Kambi ya Gihembe ilifunguliwa mwaka 1997 na ikafungwa mwaka 2021, watu wakahamishiwa Mahama. Watoto walizaliwa pale, wakasoma pale, wakaoana pale. Kambi huweza kufungwa, na watu wakiisha kuhama, maisha ya miaka zaidi ya 20 hubaki midomoni mwao tu. Naomba kila shule yetu iwe na daftari moja. Kila mwanafunzi wa madarasa ya juu amwulize mzee mmoja habari za kazi moja: kukamua, kusuka, kujenga, kuuguza. Tusianze na habari za kukimbia, hizo zimekwisha kuandikwa kwingi. Mzee asomewe, na akisema futa, lifutwe.

La tatu, kwa wazazi. Mwanao akikuuliza, usimjibu kama unavyomjibu karani. Mwambie pia yale yaliyokuchekesha.

Bibi yule alifariki. Alipokuwa mgonjwa alimtuma mjukuu wake kwangu, akitaka nisome tena habari za kibuyu mbele ya watoto wa nyumba yake. Nilisoma. Nilipofika kwa wifi aliyesingizia mbuzi, watoto walicheka sana, naye akainua mkono nisome tena mahali hapo. Daftari hilo, lisilo na jina la kijiji, sasa liko kwa mjukuu huyo. Mimi nimebaki na nakala.