Sakafu ya Jasi Haimwagiliwi Maji

Wazee wetu, akina mama wenye ploti, na nyinyi mafundi, asanteni kwa kufika kabla mvua haijaanza. Na mvua ndiyo iliyonileta.

Jasi mnaijua, ndiyo jipsamu ya dari. Sasa kuna wanaouliza kuhusu ile ya kumwaga sakafuni, juu ya slabu, kabla ya vigae. Huchanganywa na mchanga na maji, humwagwa ikiwa kama uji na kujisawazisha yenyewe. Kwa mwenye ghorofa, faida ni uzito. Chumba cha mita tatu kwa nne, ukikilaza simiti na mchanga milimita 50, umeibebesha slabu takriban kilo 1,200. Jasi ya milimita 20 haifiki kilo 500. Hesabu vyumba 30.

Lakini jasi si simiti. Simiti hukomaa kwa maji, ndiyo maana tunaifunika magunia na kuimwagilia siku saba. Fundi mwenye mazoea hayo akija asubuhi na mpira wa maji juu ya jasi, kazi imeharibika. Jasi hushika kwa saa chache, kisha inataka kukauka tu. Ikilowa mara kwa mara hulegea. Ukiikwaruza na msumari inatoa unga, na vigae vinaanza kulia kama debe tupu.

Kwetu mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na mawingu ya kutoka upande wa ziwa hayapigi hodi. Kwa hivyo paa kwanza, vioo vya madirisha, ndipo jasi. Najua wengi hapa humaliza ghorofa ya chini wakapangisha, huku juu nondo zikingoja pesa. Slabu iliyo wazi hupitisha maji. Nyumba ya namna hiyo, nawaambia waziwazi, ibaki na simiti. Bafu na choo pia.

Kukauka, hesabu siku moja kwa kila milimita hewa ikiwa kavu. Milimita 20 ni wiki tatu. Msimu wa masika, zaidi. Kabla ya vigae, bandika kipande cha nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa seloteipu, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta jasho chini yake, ngoja, hata kama mpangaji ameshalipa. Ikikauka, paka praima kwanza, kwa sababu gundi ya vigae yenye simiti haipatani na jasi.

Na mtu asikudanganye kwamba jasi hutibu slabu. Haibebi mzigo wowote, inasawazisha tu. Ufa ukiufunika unabaki pale pale, tofauti ni kwamba huuoni tena. Slabu yenye nyufa au iliyobonyea katikati, simamisha kazi na umwite mhandisi aione ikiwa wazi.

Niko hapa hadi saa tisa. Mwenye ramani yake aje nayo.