Ugumba wa Mume: Maneno Niliyowaambia Jamaa wa Rumonge

  

 Jumuiya yetu imenitaka niseme neno katika kusanyiko hili, nami nimechagua jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Watoto wetu wa madrasa nimewaomba watoke nje kwa muda. Sisi tuliobaki tu watu wazima, na wanachuoni wetu tangu zamani wameandika kwa uwazi habari za tohara, janaba na hedhi, wala hawakuona aibu. Basi nami sitaona.

Jambo lenyewe ni ugumba, na hasa ugumba utokao kwa mume.

Nitaanza kwa kosa langu mwenyewe. Miaka zaidi ya 20 iliyopita alinijia mtu mmoja, mvuvi, akanishitakia kwamba yeye na mkewe wamekaa miaka saba hawakuruzukiwa mtoto. Nilimsikiliza, nikamwombea dua, nikamwambia, "Sharia imekupa ruhusa ya kuoa mwingine." Alikwenda akaoa, na baada ya muda mchache akamwacha yule wa kwanza. Mimi ndimi niliyeiandika talaka ile. Yule mwanamke aliolewa mji mwingine, akazaa watoto wanne. Yule bwana akaoa wa pili, akaoa na wa tatu, na nyumba yake haikusikika kilio cha mtoto. Alipokwenda kupimwa Bujumbura, utu uzima umekwisha kumwingia, akaambiwa mbegu zake ni chache na dhaifu. Miaka yote ile sikumwuliza swali moja: Je, wewe umepimwa?

Naam, sisi neno "tasa" twamtupia mwanamke. Lakini katika Suratu Shura, aya ya 49 na ya 50, Mwenyezi Mungu ametaja kwamba Yeye huwapa awatakao watoto wa kike, na awatakao wa kiume, au wote pamoja, na humjaalia amtakaye kuwa tasa. Na lafudhi ya aya hiyo ni ya jumla, haikumtenga mke. Mtazameni na Nabii Zakaria katika Suratu Maryam. Alipomtaja mkewe kuwa hazai, hakujificha nyuma yake, bali alitaja na uzee wake mwenyewe na udhaifu wa mifupa yake. Mtume wa Mungu alitaja ila yake mbele ya Mola wake, ilhali mvuvi wa Rumonge aona haya kuitaja mbele ya daktari!

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1990 na kitu huko hata mwaka 2023 hesabu mbalimbali. Ile ya 2023 yasema kwamba takriban mtu mmoja katika kila sita hupatwa na ugumba katika maisha yake. Nao madaktari wasema kwamba katika nyumba zisizopata mtoto, karibu nusu yake mume ana sehemu yake katika sababu, ama peke yake, ama pamoja na mkewe.

Sasa sababu zake ni nyingi, lakini iko moja ambayo imechunguzwa sana, nayo huitwa mkazo wa oksijeni. Jina ni geni, lakini kitu chenyewe kila mtu wa pwani hii akijua. Mawese yakishakamuliwa ni mekundu na yana harufu nzuri. Yaache katika chupa wazi juani, rangi yapauka, harufu yageuka, yachacha. Nani ameyaharibu? Hewa. Ile oksijeni tuivutayo puani ndiyo iliyoyala. Ndagala nao, mvua ikinyesha wasikauke upesi juu ya mchanga, huwa rangi ya kahawia na kunuka kwa sababu kama hiyo, kwani wana mafuta. Na mabati yetu yaliyo karibu na ziwa huota kutu kwa oksijeni hiyo hiyo.

Katika mwili wa mwanadamu, oksijeni ni uhai. Lakini katika kutumiwa kwake hutoka cheche, yaani chembe kali zisizotulia, ambazo hushika chochote kilicho karibu. Mwili umewekewa vilinzi vya kuzizima. Cheche zikiwa chache zina faida, na hata mbegu ya mume yazihitaji kidogo ili iweze kuliingia yai. Zikizidi nguvu za vilinzi, huo ndio mkazo.

Na mbegu ya mume ni dhaifu mbele yake kuliko chembe nyingi za mwili. Ngozi yake imejaa mafuta ya namna ile ichachayo upesi, na tone moja la mafuta likiharibika huharibu na jirani yake. Tena, ili iwe nyepesi ya kuogelea, mbegu imetupa karibu ute wote wa ndani, na katika ute huo ndimo vilinzi vikaamo. Ni kama mvuvi aliyetupa mizigo yote ili mtumbwi uende mbio, akaitupa pamoja nayo kata ya kufulia maji. Imebaki kutegemea ulinzi wa maji ya manii yaliyoizunguka. Mtaalamu John MacLeod alikwisha kuona jambo hili mwaka 1943: mbegu zilizowekwa penye oksijeni nyingi zilipoteza mwendo, na zilipotiwa kilinzi kiitwacho katalesi zikahifadhika.

Madhara si mwendo tu. Cheche hizo hukata nyuzi za urithi zilizo katika kichwa cha mbegu. Mbegu ya namna hiyo huenda ikalifikia yai, mimba ikatunga, kisha ikaharibika. Wangapi katika wake zetu wametolewa maneno kwa mimba zilizotoka, wakaambiwa wana jini au wana jicho, na ila ilikuwa katika nyuzi za mume?

Cheche hizi huzidishwa na nini? Sigara ni ya mbele. Wavuvi wetu huwasha moja kwa nyingine usiku kucha kando ya taa, wakisema yafukuza usingizi na baridi. Kisha maradhi ya njia ya uzazi, kama kisonono kisichotibiwa, kwani askari weupe wa damu huja kupigana na vijidudu na silaha yao ni cheche hizo hizo. Kisha joto: Mwenyezi Mungu ameziweka korodani nje ya tumbo kwa sababu zataka ubaridi wa digrii mbili hata nne chini ya joto la mwili, basi wale wakaao kutwa mbele ya moto wa mapipa ya kuchemshia chikichi, na madereva wa safari ndefu, na wajihadhari. Unene na kisukari vimo pia. Na iko mishipa ya damu ivimbayo juu ya korodani. Hii huonekana kwa wanaume kama 15 katika kila 100, na kwa wagumba huzidi 35 katika 100, nayo aghalabu hutengenezwa kwa upasuaji mdogo.

Kupimwa hakuna maumivu. Manii hutazamwa kwa darubini. Kipimo cha chini kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ni mbegu milioni 16 katika mililita moja, na 42 katika kila 100 ziwe zenye mwendo. Aliye chini ya hapo si lazima awe mgumba kabisa, na kipimo kimoja hakitoshi. Wengine huniuliza habari ya kuyatoa manii: mtu aweza kutolewa na mkewe, na haja ya matibabu wanachuoni wameizingatia.

Dawa je? Hapa nawaonya. Sokoni hapa zauzwa chupa na mizizi, na vidonge vya ng'ambo vyenye picha ya simba. Huko Marekani walijaribu madini ya zinki pamoja na vitamini ya foliki kwa nyumba 2,370, wakatangaza mwaka 2020: waliomeza na waliopewa kidonge kitupu walizaa sawasawa, wala mbegu hazikutengenea. Ikiwa vidonge vilivyopimwa vimeshindwa, chupa isiyo na jina itafanya nini? Na wauza mawese wasije kunishika mlangoni: ni kweli mawese mekundu yana vitamini E na rangi iliyo kilinzi, na ni chakula chema, lakini sikusema ni dawa ya ugumba. Kuacha sigara, kutibu kisonono, mume na mke pamoja, na kujiepusha na joto, hayo ndiyo ya kwanza. Na mtu asitazamie matokeo kwa wiki mbili, maana mbegu huchukua karibu miezi mitatu tangu kuumbwa hata kutoka.

Ikishindikana, upo utungishaji wa nje ya tumbo. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliuruhusu kwa haja baina ya mume na mkewe walio katika ndoa, na likakataza mbegu au yai au tumbo la mtu wa tatu. Gharama yake najua ni nzito kwetu.

Limebaki la ndoa. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimwuliza mtu aliyeoa naye ni mgumba kama alimwambia mkewe. Alipojibu sivyo, akaamrishwa aende akamwambie, kisha ampe hiari. Basi kijana ajuaye ila yake na aseme kabla ya akdi, wala walii asimcheke.

Mimi kwa upande wangu nimekwisha kuwaambia makadhi wenzangu wa mtaa: mtu akinijia na shitaka la mke asiyezaa, nitamtaka kwanza aniletee karatasi mbili za hospitali, yake na ya mkewe. Asipoileta ya kwake, sitaishika kalamu. Wawili wamekwisha kukasirika, wakaenda kwa mwingine. Watatu wamekwenda kupimwa, na mmoja katika hao yupo hapa leo. Sitamtaja, wala msimtafute kwa macho.

Wabillahi t-tawfiq.